Waya Uliopita Chumbani kwa Seini

Maka fundi alichomeka waya kwenye kompyuta ya sebuleni, akapima kasi ya intaneti, akaguna. "Jamani, hata kobe ana haraka kuliko hii."

Mama Lavinia, mkeka wa msiba wanaovaa wafiwa wa Tonga ukiwa bado kiunoni, hakucheka. Kesho yake baraza la uchunguzi la huko Australia lingemsikiliza kwa video kuhusu kifo cha mwanawe Feleti, aliyeanguka juani akichuma machungwa ya watu. Mara ya kwanza picha iliganda, wakaahirisha. Safari hii walimwambia kabisa: asiposikika, wanafunga jalada.

Binti yake, Seini, alisimama mlangoni roho juu.

Maka akabadilisha vichwa vya waya, akazima kisanduku cha intaneti kule jikoni na kukiwasha tena. Wapi! Ndipo akaufuata waya kwa mkono. Kutoka jikoni hadi ukuta wa chumba cha Seini, kasi ilikuwa ya kutosha. Kupita ukuta huo, ilijikokota. Pale ukutani waya ulikuwa wa moto na ulinukia machungwa.

"Waya mzima," alisema. "Ila Feleti kasimama hapa."

"Tangu lini?" mama aliuliza.

"Tangu mmzike, nadhani. Anataka kuja sebuleni, lakini waya unapita chumbani kwa dada yake."

Hapo wote wakaelewa. Tangu abalehe, Feleti hakuwahi kukanyaga chumba cha Seini wala kukaa naye mbele ya televisheni moja. Ndivyo kaka na dada wanavyoheshimiana Tonga, na kufa hakukumwondolea adabu.

"Na mpumbavu gani alipitisha waya chumbani kwa binti wa watu?" mama akafoka.

"Mimi, mama. Nilitafuta njia ya mkato."

"Na kanisani unaimba mstari wa mbele! Huoni haya?"

Maka akauhamishia waya nje, chini ya paa, akauingiza sebuleni kupitia dirishani. Chai haijachemka, Feleti alikuwa ameketi mbele ya kompyuta na viatu vyake vya shambani, midomo imepasuka. Mama akampangusa uso. Seini aliona kisigino tu, akaenda kujifungia chumbani kwake, akalia.

Kesho yake alisikiliza kupitia ukutani. Sauti ilikuwa safi. Mama alisema yake, kisha Feleti akasema yake: maji yalifungiwa kwenye gari la msimamizi, aliomba, akaambiwa amalize mstari wa miti kwanza. Mwenyekiti alimshukuru, akasifu picha ilivyo nzuri, akasema marehemu hakuandikishwa kuwa shahidi. Mwenye shamba akasema maji yalikuwa tele, ni vijana wa visiwani tu hawapendi kunywa. Jalada likafungwa.

"Basi, mwanangu," mama alisema. "Basi."

Seini akagusa ukuta. Ulikuwa wa baridi. Miezi yote ile kaka yake alisimama pale karibu na kitanda chake, naye hakujua. Sasa yuko sebuleni, na sebuleni yeye hawezi kukaa tena. Ilimuuma sana.

Jioni alijaza jagi la maji, akaliweka kwenye kizingiti cha sebule bila kutazama ndani. Hajafika mlangoni kwake, akasikia jagi likirudishwa chini, tupu. Akarudi kulichukua, akalijaza tena.