Jiko la Yordana

...na skrubu ya mwisho nayo ikatoka bila ubishi, kana kwamba ilikuwa ikimngoja mwaka mzima, Stamen akaitia katika kifuniko cha chupa, jiko la kuchomea pilipili hoho limelala mapajani mwake, plagi yake imelala vigaeni, na Septemba yote ya mtaa inanuka maganda yaliyoungua, kila roshani ina jiko lake, kila jiko lina mume wa kulitibu, ndivyo walivyoishi tangu ujana, waya ukikatika unaungwa, kitu hakitupwi mpaka kikatae mara tatu, na kutoka ndani Zlatka, bintiye, aliyefika jana na gunia la pilipili kwa ajili ya karamu ya kutimia mwaka tangu afariki mama yake, Yordana, anasema jambo ambalo nusu yake inamezwa na maji ya bomba, "...si tununue jipya tu, Baba, yamejaa sokoni," naye anajibu, "Jipya la nini? Hili ni rika lako na halijawahi kulalamika," kisha anaushangaa ulimi wake mwepesi, ulimi uleule, maana Yordana alisema, hakulalamika, alisema tu, amesimama hapa hapa, peku, vigae vimelowa, "Stamen, jiko lako linanitekenya vidole," na yeye, bila kuinua macho gazetini, "Basi linakupenda kuliko mimi," wakacheka, walicheka wote wawili, hilo ana hakika nalo, au alicheka peke yake... na alipoanguka akafa kando ya jiko, daktari akaandika moyo, na tangazo la msiba lililobandikwa kwenye mlango wa jengo, lenye picha yake amevaa kitambaa cha maua, likaandika "ghafla", amelisoma neno hilo kila asubuhi akienda kununua mkate, jua limeila picha mpaka yamebaki macho, na yeye jiko akalifungia stoo, hakulifungua kulikagua, mtu asiyejua kitu angelifungua... "Eti Stamen!" ni Tsona wa roshani ya pili, kidevu juu ya ukingo, "hilo jiko utalifufua mara ngapi? Hata Lazaro alifufuka mara moja tu!" na Zlatka anacheka huko ndani, kicheko cha mama yake kabisa, na Stamen anainamisha jiko kwenye mwanga, ushanga wa kauri unaozuia waya usiguse bati, wa kwanza, mzima, wa pili, mzima, na mahali pa tatu, pale alipokata kwa kisu chake mwenyewe kipande cha plastiki kutoka waya wa redio, akasema itatosha, plastiki imeyeyuka ikatiririka kama nta, waya uko uchi umeegemea bati, na kwenye bati pana doa jeusi, dogo, kama punje ya dengu... basi ni hilo, mwaka mzima ni hilo, na ndani ya kopo kuna ushanga wa kauri mpya, kazi ya nusu dakika, koleo liko mkononi, jiko litawaka, hakuna atakayejua, Zlatka atachoma, atamenya, ataweka mezani, na wageni watainua glasi za rakia, watamwaga kidogo chini, na mmoja baada ya mwingine watasema kama inavyosemwa, "Mungu amsamehe," amsamehe Yordana, Yordana aliyesimama peku akasema linanitekenya, watu thelathini wakimwombea yeye msamaha, na Stamen amekaa kichwani mwa meza, anapokea mikono, anajibu, amsamehe, amsamehe... la, meza hiyo hataweza kuikalia... "Baba, vipi, liko tayari? Nije nilichomeke?" na koleo bado liko mkononi, ushanga bado uko koponi, Tsona bado anacheka na mtu wa chini, na sauti inayomtoka si ile nyepesi, "Usilichomeke. Njoo ukae hapa kwanza, mwanangu, nikuonyeshe kitu nilichomfanyia mama yako." Maji ya bomba yanafungwa. "Umefanya nini? Sikusikia, Baba, ngoja nifute mikono," na yeye, jiko likiwa wazi mapajani, anasema, "Ifute vizuri. Nitarudia."