Kabati Lisilopita Mlangoni

"Mama Jenny, hii kabati itakuwa kubwa kupita mulango," Lumbu alisema, penseli ikiwa nyuma ya sikio. "Siku utahama, utaitosha namna gani?"

"Haitatoka. Njo vile ninataka."

Fundi alimtazama Mbiya, kisha akaupima upya ukuta wa sebule. Wateja wake wengine waliomba meza ya televisheni, kitu cha kubebeka. Mjane huyu alitaka mbao ngumu za mulombwa zianzie ukuta huu hadi ule, zishikwe kwa boliti ndani ya matofali. Rafu ya televisheni, rafu ya dekoda, chini kabisa nafasi ya betri ya sola, na matundu nyuma ya kupitisha waya na kutoa joto. Mbele, milango yenye kufuli.

"Weye unataka kabati ao jela?" Lumbu alicheka.

Mbiya hakucheka.

Mwaka uliotangulia, mumewe Mbayo alipofariki, majirani walifanya kama ifanywavyo Kamina. Walitoa kila kitu sebuleni ili wanawake wa kilio wakae chini, kwenye mikeka. Televisheni ilibebwa na Denise, rafiki yake wa ng'ambo ya barabara. Aliikumbatia kama mtoto aliyelala, akaiweka uani chini ya turubai. Matanga yalipokwisha, vitu havikurudi ndani. Shemeji Kalunga alivipakia garini, vikaenda naye Luena.

"Ni bintu ya ndugu yetu," alisema, basi.

Ndugu wa Mbiya walikuwa mbali. Walipanda treni ya Kasai zamani, katika miaka ile watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa huku. Yeye alibaki kwa kuwa alikuwa ameolewa na Muluba wa hapa. Siku ya Kalunga hakuwa na mtu wa kusimama mlangoni na kusema hapana. Alikuwapo Denise tu, na Denise alikunja mikono kifuani, akanyamaza.

Tangu siku hiyo Mbiya hakumsemesha.

Kabati lilikamilika, zuri, likinuka mbao mbichi. Televisheni mpya, aliyoituma bintiye Jenny kutoka Lubumbashi, ilikaa humo kama yai kiotani. Kila jioni Mbiya alifungua kufuli na kuwasha. Sauti ilijaza nyumba, lakini haikumwuliza kama amekula. Zamani Denise alikuwa akija saa ya mchezo, akiwakaripia waigizaji: "Weye mupumbavu, huyu bwana anakudanganya!" Sasa ilipofika sehemu ya kuchekesha, Mbiya aligeukia kiti cha pili, akakuta kitambaa cha kufuma kikiwa kimenyooka vilevile alivyokitandika.

Asubuhi moja kilio kilipasuka ng'ambo. Jéthro, mume wa Denise, hakuamka.

Mbiya alisimama nyuma ya pazia. Aliona viti vikitolewa, kisha redio, kisha televisheni, vyote vikiwekwa chini ya turubai. Aliwaona na ndugu wa marehemu. Mmoja wao, mwanamke mnene mwenye kitenge cheusi, alikuwa ameanza kuinua kitambaa kilichofunika televisheni na kutazama nyuma yake.

Mbiya alivuka barabara bila viatu.

"Hii tele inaenda kwangu," alisema. "Na redio. Na dekoda."

"Weye nani mu hii jamaa?" mwanamke yule aliuliza.

"Minyi ni jirani."

"Jirani! Si utabiuzisha tu?"

"Kuya uone pa kubiweka. Kuya na macho yako yote mbili."

Vijana wa mtaa walibeba. Televisheni ya Denise ilikaa bega kwa bega na ya Jenny, redio ikasukumwa kando ya betri, Mbiya akafunga kufuli. Yule mwanamke wa kitenge cheusi alivuta mlango wa kabati, akatikisa, akavuta tena. Mulombwa haukutingishika. Alisonya, akatoka.

Mbiya alirudi ng'ambo, akapita katikati ya wanawake hadi kwenye mkeka wa Denise, akamwekea ufunguo kiganjani.

"Iko moja tu," alisema.

Denise aliinua macho yaliyovimba. "Na tele yako?"

"Iko ndani na yako."

"Sasa weye utaangalia nini?"

Denise alifumba kiganja.

Jioni aliporudi nyumbani kula kidogo, Mbiya aliketi mbele ya milango iliyofungwa. Nyumba ilikuwa kimya kuliko wakati wowote tangu Mbayo aondoke. Nyimbo za kilio zilivuka barabara zikiwa zimechoka. Hakujua kama Denise, matanga yakiisha, atakaa au atachukua vitu vyake na kwenda. Lakini lazima angekuja. Ufunguo ulikuwa kwake.

Mbiya alikivuta kiti cha pili, akaondoa kitambaa, akakielekeza kabatini.