Kinyumenyume Juu ya Maji

Maji ya bwawa yalinipiga kofi la uso mzima. Nilizama, nikaibuka, nikatema, nikaanza kupapasa nikitafuta skii yangu moja iliyokuwa imekwenda zake. Boti ilizunguka polepole kunirudia. Mume wangu, kwenye usukani, alikuwa ameuma mdomo wa chini asije akacheka. Binti yake, aliyekaa nyuma ya boti kunitazama, hakuwa na haja ya kuuma chochote. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Ulikuwa unaangalia miguu," alisema.

"Nilitaka kuona kama bado ipo."

Hapo baba yake alishindwa, akaangua kicheko. Binti alinitupia kishikio cha kamba, kikaangukia karibu na pua yangu.

"Tena," alisema.

Hilo "tena" nililisikia kiangazi kizima. Hata leo, magoti yangu yanapogoma kushuka ngazi, nalisikia, nami nashuka.

Niliolewa nikiwa nimeshapita umri wa kuitwa bibi harusi bila watu kuchekea viganjani. Kazi yangu ilikuwa kushona maturubai: mifuniko ya boti, viti vilivyochanika, majaketi ya kuelea yaliyoachia mishono. Mume wangu alikuwa fundi wa injini na dereva wa boti katika klabu ya skii pale bwawani. Aliniletea mfuniko kushonwa, akarudi kulalamikia mshono usio na kasoro yoyote, akarudi tena kuomba radhi kwa kulalamika. Mara ya nne hakuwa na kisingizio, akasema ukweli.

Ukweli huo ulikuja na binti wa miaka kumi na minne. Klabuni walimwita Pia, kama ile pia ya kuchezea watoto, kwa jinsi alivyozunguka juu ya maji. Nyumbani kila asubuhi alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba, na mazungumzo yetu yakawa yamekwisha mpaka kesho yake. Akitaka chumvi iliyokuwa mbele yangu, alimwomba baba yake. Hakuwa na ufidhuli hata chembe. Angekuwa nao ningejua pa kuanzia. Alinipisha mlangoni, aliosha kikombe changu pamoja na vingine, kisha akanipa mgongo na kuingia chumbani kwake. Niliujua mgongo ule kuliko uso wake.

Mama yake alikuwa amefariki miaka miwili kabla sijaingia nyumba ile. Alifia kitandani, kwa maradhi, wala si majini kama watu walivyopenda kudhani. Ila maji ndiyo yaliyobaki na pengo, na hili nalieleza taratibu kwa sababu ndilo lililonitoa kwenye cherehani yangu.

Skii za manjonjo ni fupi na pana, na chini hazina lile pezi linaloshika maji. Ndiyo maana unaweza kugeuka nazo upendavyo. Na ndiyo maana zinakugeuza zipendavyo. Wengi hugeuka wameshika kishikio kwa mikono. Lakini Pia alipenda mguu. Anasimama juu ya skii moja, anatia mguu wa pili kwenye kitanzi kilichoshonwa kwenye kishikio, anaachia mikono, na boti inamvuta kwa mguu huku akizunguka. Akianguka, mguu bado umefungwa na boti inakwenda. Kwa hiyo lazima mtu akae ndani ya boti, ameshika kamba fupi ya kifyatuo, macho yasibanduke kwake. Akianguka, mtu huyo anavuta, na kamba kubwa inaachana na boti. Akichelewa kuvuta, goti la mtoto limekwenda. Akiwahi, amemwangusha bure.

Mshika kifyatuo wake alikuwa mama yake. Tangu siku ya mazishi, Pia hakutia mguu kwenye kitanzi. Wenzake klabuni walijitolea kushika, akawaambia asante. Baba yake alisema atatafuta dereva mwingine ili yeye ashike, akaambiwa, "Wewe ni dereva, Baba." Aliendelea kugeuka kwa mikono, vizuri tu, kama mtu anayekula kwa sababu chakula kimepakuliwa. Nilimtazama kutoka gatini na iliniuma. Sikuwa na haki ya kuumwa, lakini iliniuma.

Jioni moja tulikuwa wawili jikoni, mimi naosha sahani, yeye anazifuta.

"Nifundishe kushika kile kifyatuo," nilisema. Nilikuwa nimeipanga sentensi ile tangu asubuhi.

Aliweka sahani chini. "Hawezi kunishikia mtu ambaye hajawahi kwenda kinyumenyume."

"Mama yako alijua?"

"Yeye ndiye aliyenifundisha."

"Basi nifundishe na hicho."

Alinitazama juu hadi chini, na katikati alikawia kidogo, maana katikati sikuwa na upungufu. "Utaumia."

"Nitapona."

Aliichukua sahani, akaendelea kuifuta. Lakini kesho yake, baada ya shikamoo na marahaba, aliongeza neno. "Vaa kitu kisichobana," alisema, akaondoka kwenda bandani.

Alianza na mimi nchi kavu. Alifunga kishikio kwenye nguzo ya banda la boti, akanisimamisha peku kwenye sakafu ya saruji. Magoti yakunjike. Kichwa juu. Mikono chini, karibu na kiuno. Kwanza kuteleza ubavu: kugeuza skii zikae kingamo, kisha kuzirudisha. Halafu nusu mzunguko: vuta kishikio hadi kiunoni, achia mkono mmoja, geuka, na ule mkono ulioachia ukidake kishikio nyuma ya mgongo. Pale bandani nilifanya vizuri mno. Mafundi wenzake mume wangu waliacha spana zao wakaja kutazama, na mmoja wao, mtu wa maneno mengi, akanibatiza Bibi Turubai. Jina likanasa.

Majini ilikuwa habari nyingine. Kuinuka tu kulinichukua siku nyingi, kwa kuwa zile skii ziliniponyoka miguuni kama sabuni mbili bafuni, moja kulia, nyingine kushoto, na mimi katikati nikimwita Mungu. Nilipoweza kuinuka, nikajifunza kuteleza ubavu, na siku hiyo nilijiona malkia. Lakini nusu mzunguko ulinikataa. Kila nilipoanza kugeuka, mikono ilinyooka yenyewe, boti ikaninyang'anya kishikio au ikanivuta kifudifudi. Nilikunywa bwawa lile mpaka nikahofia litapungua.

"Unageuka kwa mikono," Pia alisema. "Na unaangalia miguu."

Nilijua. Kujua hakukunisaidia kitu.

Kisha ikaja asubuhi niliyoanguka vibaya, sikio likajaa maji, nikashikilia ubavu wa boti nikihema. Pia alinitazama kwa muda. Hakukasirika. Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulionichoma: "Haina haja. Acha tu." Akaanza kukunja kamba.

Mume wangu aligeuka kutoka kwenye usukani, akanitazama, akamtazama binti yake, kisha akageuza boti. Tulirudi gatini. Siku hiyo nilikwenda kazini na nywele mbichi, nikafunga mlango na kulia kidogo juu ya turubai la watu. Kilichoniliza hakikuwa skii. Nililia kwa kuwa nilikuwa nimeonyeshwa mlango wa nyumba ile ukiwa wazi kidogo, na sasa niliusikia ukirudishwa taratibu, bila kelele.

Siku kadhaa zikapita. Shikamoo, marahaba, basi.

Alasiri moja mlango wa karakana yangu ulisukumwa. Alikuwa Pia. Hakuwahi kukanyaga pale. Mkononi alikuwa na jaketi la kuelea, limepauka, mshono wa bega umeachia. Lilikuwa la mtu mzima. Sikuuliza ni la nani.

"Baba amesema unashona haya."

"Keti. Namalizia hili."

Nilikuwa katikati ya mfuniko wa boti kubwa, turubai nene lililofunika meza na kumwagikia sakafuni. Nilifika kwenye pembe. Nikalivuta tumboni, nikalibana kwa kiwiko, nikageuka nalo zima, mguu ukabaki juu ya kanyagio, sindano ikaendelea. Nilifika pembe ya pili, nikafanya vilevile. Niliposimamisha mashine nilimkuta amesimama.

"Kwa nini unalikumbatia?"

"Hili ni zito. Ukilivuta kwa mikono linakushinda, na sindano inakatika. Unalileta mwilini, halafu unageuka. Nyonga ndiyo inafanya kazi, mikono inafuata tu."

"Na mbona huangalii sindano?"

"Nikiangalia sindano, mshono unapinda. Naangalia unakokwenda."

Aliuma kucha ya kidole gumba, akaiachia. Kisha akafanya kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona tangu nimfahamu: alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha puani, lakini kilikuwa chake na kilikuwa changu.

"Bibi Turubai," alisema, "kumbe siku zote unajua."

Nilikuwa bado sijaelewa. Alinyanyua pembe ya turubai, akaniwekea tumboni kwa mikono yake mwenyewe. "Rudia hiyo. Polepole." Nikarudia. "Hicho ni kishikio," alisema. "Geuka hivyohivyo."

Kesho yake maji yalikuwa yametulia. Niliinuka, nikakunja magoti, nikatazama ng'ambo ya pili, kwenye mtambo wa pampu. Nikavuta kishikio tumboni kama pembe ya turubai, nyonga ikatangulia, mkono ukaachia na kuzunguka, ukakidaka nyuma. Nilisubiri kofi. Kofi halikuja.

Nilikuwa nakwenda kinyumenyume.

Sijui nieleze vipi. Mbele ya macho yangu kulikuwa na kila tulichokiacha: mapovu, gati, bati la banda likipungua kuwa dogo. Boti sikuiona. Dereva sikumwona, wala mtoto aliyekuwa akinitazama. Ungeweza kuniambia wameruka wote nikabaki na injini tu, na nisingekuwa na njia ya kukubishia. Nilichokuwa nacho ni ile kamba iliyokaza mgongoni. Kwa kukaza kwake tu nikajua kwamba kuna watu upande wa pili.

Hapo nikaelewa alichonikatalia jikoni, na kwa nini.

Nilianguka, bila shaka, kwa furaha hasa, nikijaribu kupunga mkono. Nilipoibuka, mume wangu alikuwa anapiga honi ya boti kama mwendawazimu. Pia hakupiga makofi. Alikuwa amesimama nyuma ya boti akinitazama, na safari hii hakusema "tena." Alivua shati lake la juu, akachukua lile jaketi lililopauka, lenye bega jipya, akalivaa. Lilimpwaya kidogo. Alikaza mikanda.

Nilipopanda botini nikiwa natiririka maji, alinipisha, akaketi yeye ukingoni tayari kuingia majini. Mguu mmoja kwenye skii. Kabla ya kujisukuma aliokota kamba fupi ya kifyatuo, akaitia kwenye kiganja changu na kuvifunga vidole vyangu juu yake.

"Nikianguka ndiyo unavuta," alisema. "Si kabla."

Boti ikaondoka. Akainuka kama asiye na uzito. Akatia mguu kwenye kitanzi, akaachia mikono, akafungua mabega, na skii yake ikatikisika. Ilitikisika tu. Mimi nikavuta.

Kamba kubwa ikaruka, na Pia akazama moja kwa moja, wima, kama msumari. Alipoibuka, alitema maji, akasukuma nywele nyuma, akanitazama.

"Umevuta mapema."

"Najua."

"Nilikuwa sijaanguka."

"Najua. Niliogopa."

Alichezesha maji kwa viganja, akiyatazama. Injini ilinguruma chini kwa chini. "Mama naye mara ya kwanza alivuta mapema," alisema. Kisha akanyoosha mkono apewe kishikio. "Tena."

Mume wangu alikuwa amegeuka kwenye kiti, macho mekundu, nusu ya mwili wake imeelekea kwetu. "Vipi huko nyuma?" aliuliza.

"Wewe angalia mbele," nilimwambia. "Endesha."

Akaendesha. Pia akainuka, akatia mguu, akaachia mikono. Skii ikatikisika, nami nikayabana meno, sikuvuta. Ikatulia. Alikunja goti, akakusanya mikono kifuani, akanitazama machoni mara moja tu, kisha akageuka, akanipa mgongo. Niliona bega lile nililolishona. Maji yalipasuka pande zote mbili na yeye akawa katikati, anatazama kule tulikotoka, bila kutuona kabisa.

Kamba ilikuwa imekaza. Nilikishika kifyatuo kwa mikono yote miwili, nikasubiri anigeukie.