Pua ya Lokwang

Marehemu Lokwang alikuwa akimwimbia dume lake jekundu la ng'ombe kupitia pua. Mkewe, Awoi, alimcheka ndoa nzima. "Pua yako imemeza mdomo," alimwambia, naye mzee akazidi kuimba makusudi, macho ameyafumba. Kisha akafa, na kijiji chao cha Lopur kikawa kimya mno. Hakuna simu iliyowahi kuinasa ile sauti.

Mpaka alasiri moja Awoi alipopita na mikeka yake ya kuuza kando ya kanisa moja mjini Kakuma, akaisikia. Alisimama katikati ya njia, bodaboda wakimpigia honi. Ndani hakumkuta Lokwang. Alimkuta Nyandeng, mwalimu kijana wa muziki, akipuliza filimbi nyeusi yenye vifungo vya fedha. Oboe, ndilo jina lake. Ilikuja na sanduku la msaada. Vijana waligombania magitaa, oboe ikabaki kama msichana asiyeposwa.

"Nifundishe," Awoi akasema.

"Nyanya, hii inawashinda hata vijana."

"Vijana wako wapi? Mimi naona magitaa tu."

Nyandeng akacheka, akakubali. Lakini alimweleza ukweli: Ijumaa gari la wale wa msaada lingekuja kutoka Lodwar kuichukua oboe, isipokuwa apatikane mtu wa hapa wa kuipuliza. "Sauti moja tu, ndefu, safi. Mkubwa wao ataisikiliza mwenyewe."

Mdomoni inaingia ncha ya vipande viwili vya tete vilivyofungwa pamoja. "Kunja mdomo wa chini juu ya meno," Nyandeng akaelekeza.

"Meno yapi?"

Nyandeng akachungulia. Meno ya mbele ya chini hayakuwapo. Yaling'olewa Awoi akiwa msichana, kama wenzake wote, ili apendeze.

"Na nilipendeza kweli. Muulize Lokwang."

Alipopuliza, mdomo uliporomokea penye pengo, ukatoka upepo mtupu.

Siku zote zilizofuata zilikuwa upepo. Alikaa kando ya laga, ule mto mkavu wa mchanga, joto likivifanya vilima vielee, mbuzi wakimtazama kwa huruma. Alisinzia na oboe mapajani, akamwona Lokwang na dume lake wakipita juu ya mchanga bila kuugusa. Mzee alifumbua kinywa, sauti haikutoka. Awoi akaamka amekasirika. "Hata ndotoni unanitania!"

Ijumaa ikafika, na gari jeupe nalo. Mkubwa aliketi akitazama saa. Awoi akafungua fundo la shuka, akatoa tumbaku, akaanza kutafuna.

"Nyanya, sasa hivi?" Nyandeng akanong'ona.

"Mdomo umekauka, mwanangu."

Akatafuna taratibu, kisha akatulia. Ulimi wake ulikuwa umelisukuma lile donge mahali pake pa kila siku, pale pengoni, nyuma ya mdomo wa chini. Likakaa imara kama meno ya msichana. Awoi akatabasamu peke yake, akakunja mdomo juu ya tumbaku, akapuliza.

Sauti ikatoka. Ndefu, nyembamba, ya puani kabisa. Ikapita dirishani, ikaelea juu ya mabati hadi lagani. Nje mzee Ekuru, rafiki wa Lokwang tangu ujanani, aliangusha kigoda chake. Akainua mikono juu kama pembe za dume, akafumba macho, akaanza kuyumba.

Mkubwa naye akasahau saa. Gari likarudi Lodwar bila oboe.

Awoi akaifuta ncha, ikinuka tumbaku. "Pua yako imemeza mdomo," akainong'oneza, akapuliza tena, makusudi.