Ushuhuda wa Elina

Kefa alisomea theolojia mpaka ng'ambo, na pale Shelui, alikokuwa mchungaji, watu walimwita Mwalimu hata sokoni. Usomi wote huo haukumfaa kitu siku mdogo wake Elina alipopanda jukwaa la Nabii Raymond.

Miaka hiyo ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara, kila kitu kilikuwa kinaingia: mitumba, redio za bei chee, na manabii wenye jenereta. Elina alikuwa kwenye dozi ya kifua kikuu. Vidonge vilikuwa vimeanza kumrudishia mwili, sifa akachukua Raymond. Mbele ya umati Elina akavimwaga vilivyobaki, akavikanyaga, akashuhudia kwamba amepona.

Kefa alitaka kupinga hadharani. Wazee wa kanisa wakamsihi asiwachanganye waumini. Watu wangesema anamwonea wivu mwenzake anayejaza watu. Basi msomi wetu akaufyata. Alichofanya ni kwenda kwa Elina kumbembeleza, naye akajibu kwa upole kwamba mtu aliyekwisha kushuhudia harudi kupanga foleni ya dawa. Angewatazama watu kwa macho gani?

Kikohozi kiliporudi na damu, Kefa akachoka kuogopa. Jumapili alisimama madhabahuni akasema waziwazi kwamba Mungu hajamtuma mtu kuwanyang'anya wagonjwa dawa, na anayefundisha hivyo anaua.

Elina, ambaye hakuwa ameacha kusali kwa kaka yake, akainuka, mifupa mitupu, huku amemshika mama yao bega.

"Bwana asifiwe."

Kanisa zima likaitikia amina.

"Kaka yangu amesoma sana. Mimi nimepona."

Vigelegele vikapigwa. Kefa aliona aibu, kisha hasira, kisha huruma, akashuka madhabahuni.

Elina alizikwa kabla ya mavuno. Msibani hakuna aliyetaja kifua kikuu. Walisema alikuwa amepona kabisa, ila kaka yake alimwaga shaka kanisani, ugonjwa ukapata pa kurudia. Kefa alifika na kanzu yake mkononi, tayari kuongoza ibada. Mama yake akamvuta nyuma ya jiko.

"Mwanangu, leo usiseme kitu. Ulisema siku ile, na umeona."

Akaipokea ile kanzu, akaikunja vizuri, akaingia nayo ndani. Kefa akaenda kukaa mkekani na wafiwa wengine. Aliyemzika Elina alikuwa Raymond.