Mpishi Hakuiacha Meli

Fundi cherehani alifika ofisi ya bandari, sindano bado zimechomekwa kwenye kola, kumchukua babu yake. Meli iliyozama zamani ilikuwa imeopolewa, na babu ndiye aliyekuwa mpishi wake. Alimkuta benchini kati ya nanga na birika, anachuruzika maji, kikaratasi cha namba kimefungwa kidoleni. Hakuwa amezeeka tangu azame. Mjukuu alimpita kwa umri.

"Mke wangu, umechakaa," babu alimtania.

"Na wewe unanuka kaa. Inuka, nimeacha sufuria motoni."

Karani alinyanyua miguu ili asilowe viatu. "Haendi popote, mama. Meli iliyotelekezwa na vyote vilivyomo ni vya kampuni iliyoiopoa."

"Huyu mtu, si birika!"

"Si alikuwamo?"

Fundi akakata shauri papo hapo: kama meli haikutelekezwa, kampuni haina chake. "Babu, mwambie. Uliikimbia meli?"

Babu alivimba kifua. Kaa mdogo akamdondoka puani. "Mimi? Nahodha, mwenye meli mwenyewe, ndiye aliyeruka kwanza kwenye mashua, wengine wakamfuata. Mimi nilikuwa na uji motoni. Ningemwachia nani?"

"Umesikia?" fundi alisema. "Kuna mtu alibaki."

Karani aliukuna utosi kwa kalamu, akakubali. "Kweli, haikutelekezwa. Basi inarudi kwa mwenyewe. Wajukuu wa nahodha wako hapo nje."

"Na babu yangu?"

"Anakwenda na jiko."

Wajukuu wa nahodha waliitengeneza meli, wakaifungua kwa watazamaji. Fundi alikata tiketi kama watu wengine. Langoni ilisimama sanamu ya nahodha, ameshika usukani kwa mikono miwili. Jikoni, nyuma ya kamba, babu alikuwa anakoroga. Fundi alipitisha mkono juu ya kamba, akamvuta shati na kuanza kumshonea kifungo.

"Usiguse vya maonyesho," mlinzi alisema.

"Sigusi, nashona. Babu, nyumbani unarudi lini?"

"Uji ukiiva tu, mke wangu. Siwezi kuuacha nusu."

Fundi alichungulia sufuriani, kisha chini ya sufuria.

"Mbona hakuna moto?"

"Hairuhusiwi," mlinzi alisema. "Jiko ni la kihistoria."

Fundi akakata uzi kwa meno, akaanza kifungo cha pili. Babu aliendelea kukoroga.