Kitambaa Juu ya Kompyuta

Kompyuta ilizimika kwa mara ya tatu tangu asubuhi. Saa nane ilikuwa imeshapita, na ramani ya nyumba niliyotakiwa kumpelekea mwalimu wa darasa la jioni saa kumi na moja ilikuwa bado haina ngazi wala paa. Niliomba, nikazunguka chumba, nikakaa, nikainuka tena.

"Utatoboa sakafu kwa miguu," alisema mume wangu, fundi mwashi, akiwa mlangoni.

"Nafuta kila kitu, naweka programu upya."

"Na ramani je?"

"Itafutika. Nitaanza mwanzo. Mungu atanipa kasi."

Alikuja akaweka kiganja juu ya kompyuta, akakiondoa haraka. "Inaunguza kama pasi! Mama watoto, hata mimi ukinifunika blanketi mchana kutwa nitazimia."

Nilitazama. Kitambaa nilichokifuma mwenyewe, wiki tuliyoiombea baraka kompyuta ile, kilikuwa kimeziba matundu yote ya feni. Kila siku nilikuwa nakinyoosha vizuri kabla ya kuiwasha, vumbi lisiingie.

Nilikivuta. Tulisubiri ipoe, na dakika zile nilishindwa hata kusali. Ilipowaka, ramani ilikuwepo. Nilianza kuchora ngazi, sikio langu likiwa kwenye feni.

"Na hiki?" aliuliza, kitambaa mkononi.

"Kaifunike redio."

"Nayo redio imekukosea nini?"